Mwaka wa Kulisha Kiulu

Nilitoka Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwa Mwero, nikiwa na begi la shule lisilokuwa tena na vitabu. Diploma ya sekondari nilikuwa nayo, nimeikunja ndani ya plastiki, pamoja na imani kwamba Lubumbashi ilikuwa ikinisubiri mimi tu. Hadi Kasenga nilipanda mtumbwi wa injini uliojaa magunia ya samaki wakavu. Injini ilizimika kila tulipokaribia matete, na kila ilipozimika mwenye mtumbwi aliitukana kwa majina ya wakwe zake. Kasenga nilisubiri gari la mizigo lijae, nikala bukari, ugali wetu, na samaki kwa mama aliyepika kando ya kivuko, halafu tukaondoka: samaki chini, mbuzi katikati, sisi abiria juu. Dereva alikuwa mtu wa biashara kuliko mtu wa barabara. Kila kijiji alisimama kununua mkaa, na kila mkaa ulipoongezeka sisi tulipanda juu zaidi, hadi ikabidi tuinamishe vichwa kwa sababu ya matawi. Mvua ilikuwa bado. Pori lilikuwa limechomwa na vumbi limepanda hadi kwenye meno. Tulipokaribia mji nikaanza kuona viulu. Vichuguu nilivijua tangu utoto, kila mtoto wa kwetu anavijua, lakini vile vya upande ule vilikuwa vya ukoo mwingine: virefu kuliko nyumba, vipana kama uwanja wa kanisa, vimeota miti mizima mgongoni. Hapo, mji ukiwa karibu kabisa, ekseli ikakatika. Dereva akashuka, akaangalia, akatutangazia bila aibu: “Lubumbashi iko pale tu. Mwenye miguu atembee.”

Nilitembea, lakini sikufika mjini. Kando ya barabara mwanaume mmoja mnene alikuwa akipigana na miti ya kuegemeza nyanya. Kila alipofunga mmoja, mwingine ulianguka. Nilisimama kumcheka. Akageuka. “Unacheka? Kuya basi ufunge, tuone.” Nikafunga. Huyo alikuwa Kazadi, Yaya Kazadi kama tunavyomwita kaka mkubwa, mtoto wa watu wa Kasai, mfanyabiashara, msomaji wa kila karatasi iliyopita mbele yake, na jioni ile alikuwa amekwisha kunipa kazi na mahali pa kulala. Mwezi uliopita, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuzunguka kwangu, Kolwezi, Likasi, Solwezi, Kalemie na kurudi, nilimkuta katikati ya Lubumbashi, karibu na mabenki, ananunua betri ya redio. Nywele nyeupe, tumbo lilelile. Tulikaa mezani hadi chupa zikajaa meza, na kabla hatujaulizana habari za watoto alisema: “Kasongo, unakumbukaka kiulu ya Mama Yumba?” Nimeishi katika miji mingi, na katika kila mji nimedai kwamba nimejifunza jambo fulani. Lakini mwaka wangu wa shule, shule ya kweli, ni ule mmoja nilioukaa kando ya barabara ya Kasenga, kwenye nyumba ambayo kivuli chake kilitoka kwa mchwa.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi Mama Yumba, mjane. Shamba lote lilikuwa la ukoo wa marehemu mumewe; Yaya Kazadi alikodi sehemu ya mbele kwa nyanya. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule na kibanda cha kupikia, na nyuma yake, karibu sana hivi kwamba ungeweza kutundika nguo kutoka ukutani hadi kwenye ubavu wake, kilisimama kiulu. Mimi nilipewa chumba cha nyuma. Dirisha langu halikuona kitu kingine: udongo mwekundu, mizizi, na asubuhi mwanga ulionifikia ukiwa umeshapita juu ya kilele. Chumba kilinukia muhogo uliolowekwa na moshi wa zamani. Ukuta uliotenganisha chumba changu na sebule ulikuwa wa matofali mabichi yasiyofika juu, kwa hiyo kila neno la sebule lilikuwa pia neno langu. Huko ndiko nilikojua kwamba marehemu, kabla ya kufa, aliwaita ndugu zake akawaambia mbele ya watu kwamba kiulu ni cha mke wake. Shamba hapana, nyumba hapana, kiulu. Na kwa kuwa mwenye kiulu lazima akae karibu nacho, hakuna aliyeweza kumwambia Mama Yumba arudi kwao Lukafu. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yake ya kukaa, na ilikuwa hai, inatembea kwa miguu sita.

Mvua ya kwanza ilinikuta sijui chochote. Ilinyesha mchana, ikakatika, jua likatoka, na ghafla kiulu kikaanza kupumua watu. Nasema watu kwa sababu ndivyo walivyoonekana: inswa, mchwa wenye mabawa, wakimiminika kutoka matundu ya ubavuni, wanameta, wanasukumana, wanaruka. Mama Yumba alikuwa tayari amefunika matundu kwa matawi na mkeka, akaacha mlango mmoja tu, na chini ya mlango huo beseni. “Kasongo, usisimame kama nguzo! Shika kule! Shika!” Jirani walikuja na sufuria zao, watoto walikula wabichi, Yaya Kazadi akasahau ukubwa wake akakimbia na kofia. Walikaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, tukala na bukari ya moto, na sahani ya kwanza ilipelekwa kwa shemeji yake Mama Yumba, Papa Ngoie, kaka wa marehemu, mtu wa reli aliyestaafu, aliyekaa ng'ambo ya shamba. Baada ya wiki kadhaa bowa ikatoka, uyoga ule mkubwa wa kiulu, kofia pana kama mwavuli wa mtoto. Mama Yumba aliupeleka barabarani na magari yakasimama yenyewe. Lakini alichonifundisha kwanza si kuvuna. Alinifundisha kulisha. Mabua ya mahindi, maganda ya muhogo, majani makavu, kila kilichobaki shambani kilirudishwa chini ya kiulu. “Ulikula kwake, nayo ikule kwako,” alisema. Mchwa walitoka, wakafunika lile rundo kwa udongo, na baada ya siku chache rundo halikuwepo. Nilipenda sana kuliangalia likiisha. Nilikuwa kijana, na nilipenda kuona kitu kikifanyika kweli.

Mvua zikakaza, na nyanya zikaanza kuungua. Anayelima nyanya wakati wa mvua kwetu anajua ninachosema: jani linapata doa la kahawia, kesho doa ni kiganja, kesho kutwa shamba linanuka. Ni kuvu, si mdudu. Yaya Kazadi alikwenda mjini akarudi na mifuko ya dawa ya unga wa njano, na pampu ya mgongoni. Papa Ngoie alikuja kutazama, mikono nyuma, kama mtu anayekagua behewa. “Hii sumu yako itamaliza bidudu byote bya kiulu ya shemeji yangu,” alisema. Yaya Kazadi alifurahi kupingwa. Alikuwa mtu wa aina hiyo. Alichukua kopo, akatia mchwa ndani, akawamwagia unga wa dawa juu, akaliweka mezani. “Papa, hapa baliandika: dawa ya kuvu. Haiko ya bidudu. Basi tungoje.” Tulingoja tukila sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mchwa walipanda na kushuka ndani ya kopo, wa njano kama mahindi, wazima. Asubuhi walikuwa bado wanatembea. “Unaona?” Yaya Kazadi akampelekea Papa Ngoie kopo hadi mlangoni. “Balikula dawa, banaongeza nguvu!” Papa Ngoie alisonya. Mimi pia niliamini. Na nasema mpaka leo: kopo lile halikudanganya. Alichosema Yaya Kazadi kilikuwa kweli kabisa, na ndicho kilichotupoteza.

Basi tukapiga dawa, kila baada ya mvua kubwa, mimi na pampu mgongoni, na nyanya zikasimama. Zilisimama vizuri mno. Mjini wauzaji walituita kwa majina. Nyanya inataka kupunguzwa majani ya chini, yale yaliyougua, na majani hayo, bado yana unga wa njano wa dawa juu yake, tuliyachukua kwa mikono miwili tukayaweka pale ambapo kila mabaki ya shamba lile yaliwekwa tangu enzi za marehemu. Mama Yumba mwenyewe aliyabeba. Alikuwa amefurahi: kiulu hakijawahi kupata chakula kingi hivyo. Mchwa wakaja, wakayafunika, wakayaingiza ndani.

Mwaka ulipogeuka, bowa ilipaswa kutoka mara ya pili. Haikutoka. Mama Yumba alikwenda kila asubuhi, akazunguka kiulu, akarudi na beseni tupu akaliweka kifudifudi. Maelezo yalitoka kwa wengine. Nikiwa kitandani nilisikia wageni wa sebuleni: mmoja alisema ni wivu wa jirani, mwingine akasema ni kwa sababu mgeni analala karibu na kiulu, maana yake mimi. “Ule wa Kilwa? Bale bantu ba maji hawaelewane na muchwa.” Mama Yumba akamkata: “Acha mutoto. Kiulu yangu haiangaliake kabila.” Halafu siku moja ikawa sauti ya Papa Ngoie, na haikuwa ya mzaha. Mtoto wake wa kiume alikuwa anaoa, nyumba ilitakiwa, nyumba inataka matofali, na kwetu hakuna udongo wa matofali unaoshinda udongo wa kiulu. “Shemeji,” alisema, “mi sipendi fitina. Kama iko muzima, inabaki yako. Kama ilikufa, iko udongo tu, na udongo iko wa famille, wa ukoo.” Mama Yumba alijibu polepole. “Na mimi? Nitakuwa nini, shemeji? Udongo?” Papa Ngoie akamjibu: “Lukafu kuko bandugu yako.”

Kukijaribu kiulu kuna desturi yake. Unachoma ubavu kwa jembe, shimo la mkono, unaliacha. Kiulu kizima kinaziba jeraha lake haraka, kwa udongo mbichi mwekundu, safi kama kazi ya mwashi. Papa Ngoie alichoma mbele ya majirani, upande wa rundo la majani. Tulikwenda kuangalia, tukaenda tena. Shimo lilikaa wazi. Mjusi aliingia humo kama mpangaji mpya. “Ilikufa,” Papa Ngoie akasema, na nadhani ilimuuma pia, kwa sababu alivua kofia. Kesho yake wafyatua matofali wawili walikuja kwa baiskeli kuangalia udongo, wakaufinyanga viganjani, wakatikisa vichwa kwa mapenzi. Hapo Mama Yumba alisimama katikati. “Kiulu haihukumiwake na jembe peke yake. Inahukumiwa na mvua ya kwanza. Na weye unajua vile babu yako alisema: kiulu yenye muntu alikula mu mwaka, hakuna mwenye kuigusa. Ngoja mvua.” Papa Ngoie aliwatazama majirani, na majirani walikuwa wanatikisa vichwa kukubali. “Mvua ya kwanza,” alisema. “Hata siku moja zaidi hapana.”

Mimi sikuwa mtu wa kungoja, hata leo siwezi. Niliomba ruhusa kuchimba pale jembe lilipochoma, nione kilichomo. Tulichimba mimi na Yaya Kazadi, yeye akitoka jasho na kulalamika, Mama Yumba amekaa juu ya beseni lake anaelekeza. Tulifika kwenye vyumba. Ndani ya kiulu mchwa wana mashamba: vipande kama sponji, rangi ya kahawia, wanavyovijenga kwa majani waliyotafuna, na juu yake wanaotesha kuvu yao, vishanga vyeupe vidogo. Hawali majani; wanakula kile kinachoota kwenye majani. Hiyo nilikuwa nimeisoma shuleni na kuisahau, na Mama Yumba alikuwa akiijua na hakuwahi kuona sababu ya kuisema. Vipande tulivyovitoa vilikuwa vikavu, havina shanga hata moja. Mama Yumba alinusa kimoja. “Kinapaswa kunukia bowa,” alisema. “Hiki kinanukia makaratasi.” Mchwa wachache walitembea juu yake, dhaifu, lakini wazima. Hakuna aliyekuwa na sumu mwilini. Walikuwa na njaa.

Yaya Kazadi alikaa chini, kwenye udongo, na suruali yake nzuri. Alishika sponji ile mkononi, akaigeuzageuza. “Mi niliwaambia dawa inaua kuvu,” alisema. “Na bao iko balimaji ba kuvu. Mama, ile majani yangu tulipeleka kwao... Dawa yangu haikuua muchwa. Iliua shamba lao.” Mama Yumba alimwangalia. Nilidhani atamtukana. “Na nani alibeba ile majani?” alisema. “Mikono yangu njo ilibeba. Simama, utachafua suruali, na sabuni njo mimi nanunua.” Nimewahi kusikia watu wakiomba msamaha kwa maneno mazuri zaidi, makanisani na mbele ya mahakimu. Sijasikia uliokwisha vizuri hivyo.

Tulichimba tena, upande wa mashariki, mbali na rundo. Huko ikanukia. Vishanga vyeupe vilikuwepo, si vingi, lakini vilikuwepo, na askari wa mchwa wakaniuma kidole hadi damu. Nilicheka kwa furaha. Nusu ya kiulu ilikuwa hai. Mama Yumba akafunga mashimo kwa udongo wenye maji, kwa mikono, kama anayepaka mtoto mafuta, na akatoa amri. Jani lolote la nyanya lichomwe, mbali, ng'ambo ya barabara. Yaya Kazadi alitimiza zaidi ya amri: msimu ule ule alihamisha nyanya zake hadi shamba jingine, na hakunywa tena kwenye meza yetu bila kuleta mzigo wa nyasi kavu mgongoni mwa baiskeli. Kiangazi chote kazi yangu ilikuwa kutafuta chakula kisichojua dawa. Nilitembea porini, nikabeba magome, matawi yaliyooza, mabua kutoka kwa watu waliolima mahindi bila kununua kitu. Watu walinicheka barabarani: “Ule njo muboyi wa muchwa!” Niliwajibu kwamba bwana wangu analipa kwa wakati. Upande wa mashariki rundo liliisha, likawekwa jingine, likaisha. Upande wa magharibi majani yalikaa yalivyo hadi upepo ukayachukua.

Mwezi uliopita, mezani, Yaya Kazadi aliniambia bado anapiga dawa ya kuvu. Bila dawa hakuna nyanya wakati wa mvua, na mji unataka nyanya. Ila yeye anawachomea majani wakulima wote anaofanya nao biashara, na akiona kiulu karibu na shamba anauliza kwanza nani anakula kwacho. “Bananiita muzee wa muchwa,” alisema, na hakuonekana kuumia. Mimi najua kwa hakika kile nilichokuja kukijua mwaka ule: mkulima anayemfahamu jirani yake kwa jina tu, bila kujua anakula nini, atamwua kwa zawadi. Nimelitumia jambo hilo migodini, sokoni, hata katika ndoa.

Na ile mvua ya kwanza tuliyoingoja mwaka ule ilikuja asubuhi. Papa Ngoie alikuwa amefika na wafyatua matofali wake, wameegemeza baiskeli kwenye ua, kalibu za mbao zimefungwa nyuma. Mvua ikakatika. Magharibi, kimya. Matundu yalikaa kama macho ya kipofu. Mashariki, baada ya kungoja, inswa wakatoka. Si mto kama mwaka uliotangulia. Uzi tu, mmoja, halafu mwingine, halafu kundi dogo likasita mlangoni na kuruka. Watoto walitaka kuwakamata, Mama Yumba akawazuia kwa jicho. Alikusanya wote yeye mwenyewe. Ndani ya beseni walikuwa hawafuniki hata chuma cha chini. “Ile njo inswa?” mfyatua matofali mmoja akanong'ona. “Ile iko kilio.” Mama Yumba aliingia jikoni. Tulisikia mafuta. Alitoka na sahani moja, bukari kidogo, na inswa zote za mwaka ule juu yake. Kwa ajili yake hakubakiza hata bawa. Alipiga magoti mbele ya Papa Ngoie, kama inavyopasa kwa shemeji mkubwa, akamnawisha mikono.

Papa Ngoie alitazama sahani. Alijua, na sisi sote tulijua: akila, amekula, na kiulu hakiguswi mwaka mzima. Aliwatazama wafyatua matofali, akatazama ule upande wa magharibi uliokufa, udongo mzuri ule, nyumba nzima ya mtoto wake. Harufu ilikuwa imemfikia puani. Alimega bukari, akaikandakanda, akachota inswa, akatia mdomoni. Akatafuna muda mrefu.

“Chumvi iko kidogo,” alisema.

Mama Yumba akamletea chumvi. Alikula hadi sahani ikabaki nyeupe, akanawa, akamrudishia. “Aksanti, mwenye kiulu.” Majirani wakapiga makofi, na wafyatua matofali, ambao walielewa kabla ya watoto, wakaanza kugeuza baiskeli zao.

Mimi nilikuwa nimefunga begi tangu jana yake. Nyanya za Yaya Kazadi zilikuwa mbali, kiulu kilikuwa na mwenyewe, na miguu yangu ilikuwa imeanza kuniwasha kama inavyoniwasha hadi leo nikikaa mahali pazuri. Mama Yumba alinishika kichwa kwa mikono miwili yenye mafuta, akasema, “Enda, mutoto wa maji. Ukuwe na adabu kwa wenye utakula kwao.” Mfyatua matofali mkubwa akakubali kunibeba hadi mjini, nikakaa juu ya kalibu zake, begi mapajani. Alikuwa anakanyaga kwa hasira. Barabara ilikuwa na matope mapya, na pande zote mbili, tangu wauzaji wa mjini walipoanza kutuita kwa majina, kila mtu alikuwa amepanda kama Yaya Kazadi. Miti ya kuegemeza ilisimama mistari hadi macho yalipokoma, na katikati ya mistari hiyo, kimoja huku, kimoja kule, viulu.

“We ulikaa huku mwaka muzima,” akasema hatimaye. “Haujue kiulu ingine ya kufa?”

“Iko mingi,” nikamwambia. “Mufuate tu tomati.”